Chini ya Kapeti, Nyuma ya Dari: Ndege Ndogo Inapofunguliwa

Cessna 210 ikiingizwa karakana kwa ukaguzi wa muundo, mafundi hawaanzi na injini. Viti hutoka kwanza, kisha kapeti, kisha paneli za pembeni, ambazo skrubu zake hutiwa kwenye vikopo vilivyoandikwa zilikotoka, na mwishoni huvuliwa kitambaa cha dari. Kazi yenyewe haina fahari. Plastiki iliyopigwa na jua miaka arobaini hupasuka ikiguswa tu, gundi ya kapeti haitaki kuachia, na mwenye ndege anahesabu siku ambazo chombo chake hakimwingizii hata senti. Haishangazi kwamba wengi huiona ni bughudha iliyotungwa na karani asiyewahi kushika bisibisi. Lakini kila kifuniko kinachotolewa pale kina tarehe yake, na karibu kila tarehe hiyo ni siku ambayo watu walikufa.

Mojawapo ya tarehe za mwanzo ni 31 Machi 1931. Asubuhi hiyo Fokker F-10 ya shirika la TWA iliondoka Kansas City kuelekea Los Angeles, ikaanguka malishoni karibu na kijiji cha Bazaar katika jimbo la Kansas. Wote wanane waliokuwamo walikufa, na mmoja wao alikuwa Knute Rockne, kocha wa timu ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, mtu ambaye jina lake lilijulikana Marekani nzima. Kifo chake kiliwafanya watu waulize maswali ambayo vifo vya abiria wasiojulikana havikuwahi kuyaibua. Ndege ilikuwa imevunjika bawa ikiwa angani. Bawa hilo lilikuwa la mbao zilizounganishwa kwa gundi na kufunikwa kwa plaiwudi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Unyevu ulikuwa umepenya ndani na kuilegeza gundi.

Tatizo lililowasumbua wakaguzi halikuwa la mbao peke yake. Bawa la Fokker lilikuwa laini na zuri kwa nje, wala hapakuwa na njia ya kuziona boriti zake bila kuibandua plaiwudi iliyozifunika. Mei mwaka huohuo serikali ya Marekani ilizizuia F-10 kubeba abiria hadi zikaguliwe ndani, na ukaguzi huo ukawa wa gharama na usumbufu mkubwa. Sifa ya Fokker nchini humo haikupona tena. TWA ilikwenda kwa Douglas mwaka 1932 kuomba ndege ya metali, na kutokana na ombi hilo ikazaliwa familia ya ndege za Douglas ziitwazo DC.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa ikiruka kwa mbao na kitambaa. Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi mwaka 1929, akianza na Gipsy Moth, na kampuni yake ikadumu hadi Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza. Uwanja unaobeba jina la Wilson bado ndio makao makuu ya ndege ndogo nchini Kenya. Katika ndege za zama zile hapakuwa na mengi ya kuvua. Abiria alikaa kwenye kiti chepesi huku upepo ukimpiga usoni, na fundi aliweza kuigonga mbao kwa kidole akasikiliza kama imeoza. Zulia, dari ya kitambaa na sponji ya kuzuia kelele vilikuja baadaye, wakati watengenezaji walipotaka mfanyabiashara ajihisi yuko ndani ya gari la kifahari. Starehe hiyo iliufunika mwili wa ndege macho ya fundi yasiufikie.

Metali iliaminiwa kupita kiasi. Haiozi kama mbao, wala gundi yake haiwezi kulegea kwa kuwa haina gundi, kwa hiyo wengi walidhani shida ya Bazaar imekwisha. Wenye reli wangeweza kuwaambia vingine. Katikati ya karne ya 19 Mjerumani August Wöhler alifanya majaribio ya miaka mingi kwenye ekseli za mabehewa, akaonyesha kwamba chuma kinachobebeshwa mzigo na kupunguziwa, tena na tena, hatimaye hukatika chini ya uzito ambao kingeubeba bila taabu mara moja. Huo ndio uchovu wa metali. Huanza na ufa usioonekana, mara nyingi kwenye tundu la riveti au la bolti, na ufa hukua kidogo kila ndege inapopaa na kutua.

Tarehe 31 Januari 1945, ndege ya abiria aina ya Stinson ilipoteza bawa ikiwa juu ya jimbo la Victoria, Australia, na watu 10 wakafa. Wachunguzi walikuta ufa wa uchovu kwenye boriti kuu ya bawa. Australia ikaanza utafiti mzito wa jambo hili mapema kuliko nchi nyingi, na itarudi tena katika habari hii.

Kisha ikaja Comet. Tarehe 2 Mei 1952 ndege iliyosajiliwa G-ALYP iliondoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza duniani ya abiria wa kulipa nauli kwa ndege ya jeti, na mojawapo ya vituo vyake ilikuwa Entebbe. Miezi ishirini baadaye, tarehe 10 Januari 1954, ndege hiyohiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na wote 35 waliokuwamo wakafa. Comet zote zilisimamishwa. Zikafunguliwa, zikakaguliwa, zikafanyiwa marekebisho mengi, na mwezi Machi zikaruhusiwa kurudi kazini. Tarehe 8 Aprili nyingine ikapotea karibu na Naples, na watu 21 wakafa.

Sehemu hii ya kisa cha Comet inastahili kukumbukwa. Wahandisi hodari waliifungua ndege, wakaitazama kwa moyo wote, wasione kilichokuwa kikiiua. Walikuwa wakifikiria moto, injini, vyombo vya kuongozea. Ukweli, kwamba ulikuwa uchovu wa metali, ulipatikana kwenye kituo cha utafiti cha Farnborough, Uingereza, pale bodi ya Comet nyingine ilipotumbukizwa kwenye tangi kubwa la maji, ikajazwa na kupunguzwa shinikizo mfululizo hadi ikapasuka baada ya jumla ya safari 3,057, za kweli na za majaribio zikihesabiwa pamoja. Kufungua paneli bila kujua ni wapi pa kutazama kulikuwa kumewapa watu imani isiyo na msingi.

Somo jingine lilipitia Nairobi. Tarehe 14 Mei 1977, Boeing 707 ya mizigo ya kampuni ya Dan-Air, iliyotoka London na kutua Athens kisha Nairobi, ilikuwa ikikaribia kutua Lusaka wakati kipande cha upande wa kulia cha bawa la mkia kilipokatika. Watu sita walikufa. Boriti ya kipande hicho ilikuwa na ufa wa uchovu uliokuwa umekua muda mrefu. Wabunifu waliiunda sehemu ile wakiamini kwamba kiungo kimoja kikikatika, kingine kitabeba mzigo hadi kasoro igunduliwe. Hesabu yao ilisahau kwamba lazima pawe na mtu wa kuigundua. Ukaguzi uliokuwa ukifanywa haukuelekezwa kwenye ufa ule, na kiungo cha akiba hakikuweza kubeba mzigo huo muda mrefu.

Mwaka uliofuata Marekani ilibadili kanuni za ndege kubwa. Mtengenezaji akatakiwa kukokotoa ufa utaanzia wapi, utakua kwa kasi gani, na kwa hiyo ndege ifunguliwe baada ya safari ngapi. Mwaka 1988 paa la Boeing 737 ya Aloha Airlines lilifumuka juu ya Hawaii, baada ya ndege hiyo kupaa na kutua karibu mara 90,000 katika hewa ya chumvi ya baharini. Mhudumu mmoja alivutwa nje na hakupatikana tena. Hapo kutu na uchovu wa metali vikaanza kushughulikiwa kama maradhi yanayosaidiana.

Ndege ndogo zilibaki nyuma katika mabadiliko haya. Nyingi kati ya Cessna na Piper zinazoruka leo ziliidhinishwa chini ya kanuni za zamani ambazo hazikudai hesabu yoyote ya uchovu wa metali, kwa sababu hakuna aliyetarajia kwamba zingeishi nusu karne. Cessna ilisimamisha utengenezaji wa ndege zake za injini moja za pistoni mwaka 1986, ikaanza tena miaka kumi baadaye kwa modeli chache tu. Dunia ikaendelea kuzitumia zilizokwishatengenezwa. Zikafundishia marubani, zikapeleka dawa vijijini, zikabeba watalii hadi kwenye viwanja vya vumbi, huku saa zikijumlishwa daftarini.

Kanuni ya Marekani ya ukaguzi wa mwaka na wa kila saa 100 inamwagiza fundi afungue vifuniko vyote vinavyohitajika kabla hajaanza kukagua. Ndani ya neno hilo moja, kuhitajika, ndimo ugomvi wa karakana ulimokaa miaka mingi. Je, kapeti iliyobandikwa kwa gundi ni kifuniko kinachohitaji kutolewa? Dari je? Fundi mwenye kazi nyingi na mteja mwenye haraka hupata jibu la mkato kwa urahisi. Kati ya mwaka 2011 na 2012 Cessna ilitoa nyaraka za ukaguzi wa ziada kwa ndege zake za injini moja, zikitaja sehemu kwa sehemu pa kuchungulia na baada ya saa au miaka mingapi, na kutofautisha ndege inayokaa kwenye hewa kavu na inayokaa kwenye unyevu na chumvi. Kwa mwenye ndege inayolala Mafia, Pemba au Lamu, tofauti hiyo ni kubwa. Wamiliki wengi duniani walilalamika juu ya gharama, na malalamiko yao hayakuwa ya uongo, kwani kwa ndege nyingine kuifungua yote kulikaribia thamani ya ndege yenyewe.

Kuna hoja nyingine dhidi ya kufungua ambayo haifai kupuuzwa. Tarehe 30 Machi 1987, Piper PA-28 iliyokuwa ikikagua mabomba ya mafuta karibu na Marlin, Texas, ilipoteza bawa. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ikaamuru mabawa ya PA-28 na PA-32 zenye saa nyingi yang'olewe na boriti zikaguliwe. Mamia ya ndege zilifanyiwa hivyo, na mbili tu zikakutwa na nyufa. Kung'oa bawa na kulirudisha kunaweza kukwaruza tundu au kuiharibu bolti iliyokuwa nzima, na mkwaruzo mmoja unatosha kuanzisha ufa. Ndege ya Marlin ilionekana ya kipekee, kwa kuwa ilikuwa imeruka miaka mingi karibu na ardhi, kwenye hewa inayorusha ndege juu na chini. Mwaka 1989 amri ile ikafutwa.

Uamuzi huo haukuwa wa kizembe, lakini ulikuwa na kasoro: uliiita hatari hiyo ya ndege moja badala ya kuiona ya aina fulani ya maisha. Tarehe 4 Aprili 2018, huko Daytona Beach, Florida, Piper Arrow ya Chuo Kikuu cha Embry-Riddle ilipoteza bawa la kushoto mara tu baada ya kupaa. Mwanafunzi na mtahini wake walikufa. Ndege ilitengenezwa mwaka 2007, haikuwa kuukuu hata kidogo, lakini ilikuwa na saa zaidi ya 7,600 za mafunzo, na mafunzo ya urubani maana yake ni kutua, kutua, na kutua tena. Ufa ulikuwa ndani ya tundu la bolti kwenye ukingo wa chini wa boriti kuu, mahali ambapo jicho haliwezi kufika hata kapeti na kiti cha nyuma vikitolewa. Ndege ya pili ya shule hiyohiyo ilipokaguliwa ilikutwa na ufa pia.

Safari hii FAA ilijifunza kitu kutokana na yaliyotokea baada ya ajali ya Marlin. Amri iliyoanza kutumika Februari 2021 haidai mabawa yang'olewe. Bolti chache hutolewa, kisha ncha ya kifaa cha mkondo wa umeme huzungushwa ndani ya tundu. Metali ikiwa nzima mkondo hupita sawasawa, na ikiwa na ufa mkondo huvurugika na sindano huonyesha. Na ili kuzipata ndege zilizochoka kweli, wahandisi walitunga hesabu ya kuvutia. Kwa kuwa nchini Marekani ukaguzi wa kila saa 100 hulazimishwa kwa ndege zinazobeba watu kwa malipo na za mafunzo ya kulipia, kila ukaguzi wa namna hiyo ulioandikwa daftarini huhesabiwa kama saa 100 nzima za kazi ngumu, na saa zinazobaki hugawanywa kwa 17. Ndege ya shule yenye saa 7,000 na kaguzi 70 inabaki na saa 7,000 zake, ambazo ni nyingi kuliko kikomo cha 5,000. Ndege ya mtu binafsi yenye saa hizohizo 7,000 lakini bila hata ukaguzi mmoja wa saa 100 huhesabiwa saa 412 hivi. Daftari la matengenezo, ambalo wengi hulijaza kwa kutimiza wajibu tu, likageuka kipimo cha uchovu wa bawa.

Vifaa vyenyewe vina ukoo wa kawaida sana. Karakana za reli zilikuwa zikilipaka chuma mafuta, zikilifuta, kisha zikilipaka chokaa, na mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalitoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Katika miaka ya 1940 rangi zinazong'aa chini ya taa maalumu zilichukua nafasi ya mafuta na chokaa. Mionzi ya eksirei ilitumika kuchungulia boriti za mabomba ya chuma za ndege aina ya Beech 18. Mbinu zote hizi zina sharti moja, nalo ni kwamba lazima kwanza fundi aifikie metali, iwe tupu na safi.

Sharti hilo linaturudisha kwenye Cessna 210. Modeli za mwanzo zilikuwa na nguzo za mshazari kutoka chini ya bodi hadi katikati ya bawa, zikibeba sehemu kubwa ya mzigo. Mwaka 1967, kwa modeli ya 210G, nguzo hizo ziliondolewa. Ndege ikapendeza na kasi ikaongezeka, lakini mzigo wote wa mabawa ukahamia kwenye boriti moja inayokatiza juu ya vichwa vya waliokaa mbele. Katika nyumba ya mawe ya Lamu boriti za dari huonekana na kila anayelala chini yake, na mchwa wakiingia mwenye nyumba hujua. Boriti ya 210 ilifichwa nyuma ya kitambaa, na chini yake ikagandamizwa sponji. Modeli kadhaa zilitoka kiwandani bila rangi ya kuzuia kutu kwenye boriti hiyo. Mvuke wa pumzi, mvua inayopenya kwenye viungo na umande wa asubuhi viliingia kwenye sponji, na sponji ikaushikilia unyevu ukigusa alumini mwaka hadi mwaka.

Tarehe 26 Mei 2019, 210 iliyotengenezwa mwaka 1976 ilikuwa ikipima miamba kutoka angani karibu na Mount Isa, Queensland, ikiruka chini sana kama kazi hiyo inavyotaka. Bawa la kulia likakatika. Marubani wawili walikufa. Wachunguzi wa Australia waliufuatilia ufa hadi kwenye chanzo chake, wakakuta shimo dogo la kutu upande wa chini wa boriti. Kilichowekwa kumpunguzia abiria kelele kilikuwa kimesaidia kuila metali iliyombeba.

Ndani ya wiki chache mtengenezaji alitoa barua za kutaka boriti hizo zikaguliwe, na mapema mwaka 2020 FAA ikazifanya amri kwa modeli za 210G hadi 210M. Kwa utaratibu wa Mkataba wa Chicago wa 1944, nchi iliyobuni ndege huzijulisha nchi zilizoisajili, hivyo barua ya mtengenezaji aliyeko Kansas huishia kuwa kazi ya fundi wa Nairobi au Arusha iwapo ana ndege ya aina hiyo. Maagizo ni ya hatua kwa hatua. Vua dari. Toa sponji. Safisha boriti hadi metali ionekane, itazame, sugua kutu bila kuipunguza boriti kupita kiwango, pitisha kifaa cha umeme, kisha weka kinga ya kutu. Halafu andika ripoti na uitume, hata kama hukukuta kitu.

Agizo hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Ripoti ya fundi aliyekuta boriti safi ina uzito sawa na ya aliyekuta shimo, kwa kuwa zote mbili kwa pamoja ndizo zinazoonyesha ukubwa wa tatizo. Katika ripoti za mwanzo, zilizotoka kwenye ndege karibu 200, karibu nusu zilikuwa na kutu kwenye boriti, na baadhi ya boriti zilikuwa zimeliwa kiasi cha kutofaa kutumika tena, huku 210 ya mwisho ikiwa imetoka kiwandani zaidi ya miaka thelathini kabla. Cessna 177, mdogo wake asiye na nguzo za mabawa na mwenye boriti iliyopita mahali palepale, naye akaingizwa kwenye orodha ya ndege zinazopaswa kuvuliwa dari.